Boksi la Sabuni Mlangoni pa Kanisa

Kanisa letu liko juu ya kilima cha mawe. Ukitoka barabarani kwa miguu unapumzika mara mbili kabla ya kufika, na kama umebeba ndoo ya maji kichwani unapumzika mara nne. Najua kwa sababu nilibeba. Wanawake wote wa rika langu walibeba maji ya kuchanganyia saruji, kutoka mtoni mpaka juu, kiangazi kizima. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alibeba akiwa na mimba ya miezi saba. Sikumbuki mtu hata mmoja aliyesema kilima kile ni kizuri. Tulisema kina mwinuko.

Kilima kilikuwa cha mume wangu. Mimi ni mzaliwa wa Machochwe. Niliolewa huku Tarime kwa ng'ombe, na nilipofika nilionyeshwa mali: huku mahindi, huku mhogo, kule bondeni malisho, kule juu mawe ya mbuzi. Watu wa kanisa walipokuja kuomba mahali pa kujenga, mume wangu aliwapa mawe ya mbuzi. Nilimwambia jioni wakati anakula kwamba amewapa mahali ambapo hata jembe halishiki. Akanijibu huku anatafuna, "Ndiyo maana sitawanyang'anya."

Alikitoa kama watu wetu wanavyotoa ardhi. Karatasi haikuwepo. Alizunguka kilima na wazee, akapanda mkonge kwenye pembe nne, halafu wakachinja beberu na kumlia juu ya jiwe bapa lililo nyuma ya kanisa. Kabla ya kula alisimama akasema, kilima hiki nimekitoa, hakirudi kwangu wala kwa watoto wangu. Mimi ndiye niliyempika yule beberu. Nilikuwa nimeinama kwenye sufuria na nilisikia kila neno. Wifi alikuwa anapita na beseni kunawisha watu mikono, naye alisikia. Waliokula nyama ile wote wameshakufa. Tumebaki sisi wawili, mpishi na mnawishaji.

Halafu ikaja dhahabu. Nasema ilikuja, ingawa ilikuwepo siku zote chini ya miguu yetu tukilima juu yake. Vijana waliacha ng'ombe wakaingia kwenye maduara, yale mashimo marefu ya kuchimbia, na wanawake wakakaa na nyundo wanaponda mawe kutwa. Hilo tulilizoea. Kitu kilichotuharibu ni habari kwamba wapimaji wa mgodi mkubwa watapita, na kwamba mgodi ukitaka eneo lako utalipwa fidia kwa kila kilichosimama juu yake, nyumba, mti, hata kaburi. Watu wakaanza tegesha. Tegesha ni kujenga nyumba ya kumsubiri mpimaji. Unasimamisha miti, unatupia bati mbili tatu, huweki mlango kwa sababu hakuna atakayeingia. Vijiji vilijaa nyumba zisizo na moshi. Miche ya miti ilipandwa mpaka njiani, imebanana kama mchicha.

Na kila mpimaji alipopita kijiji cha jirani alipiga picha. Mwenye mali alisimamishwa mbele ya mali yake, akashikishwa kibao chenye jina, akapigwa. Asiyepigwa hakuandikwa. Kwa hiyo siku zile mtu akionekana kwetu na kamera, hatukuuliza anapiga nini. Tuliuliza ameanzia kwa nani.

Mwanangu mkubwa alikuwa kwenye maduara tangu hajaota ndevu vizuri. Miaka ile yote alitoka na kikohozi na redio moja. Hakuwa mvivu, nisimsingizie na yeye. Alikuwa anashuka shimoni kabla jua halijatoka, na shimo lake ndilo lilikuwa linatoa maji wakati la mwenzake linatoa dhahabu. Mashamba yetu yako upande ambao wapimaji hawakuutaja. Kilitajwa kilima. Alikuwa anakuja kwangu, anakaa kwenye kigoda, ananiambia, "Mama, baba aligawa mawe, na sasa mawe ndiyo mali." Nilimwambia anyamaze, maneno ya marehemu hayachokonolewi. Lakini akiondoka nabaki nakwangua sufuria na nagombana na mume wangu moyoni. Nilimuuliza kwa nini hakuwapa bonde.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, siku ya wanawake kufagia kanisa, na zamu ilikuwa ya wifi. Mimi nilikuwa nyumbani nafua. Jirani mmoja, mwanamke ambaye habari hazilali kwake, akasimama kwenye uzio akaniuliza kama nimekaa tu. Akasema wapimaji wako kilimani, wanapiga kanisa picha, na sasa hivi ataandikwa atakayekuwa karibu. Hakuniambia nifanye nini. Hakuwa na haja.

Niliacha nguo kwenye karai. Nikachukua boksi la sabuni, nikachana upande mmoja, nikatoa mkaa jikoni nikaandika jina la mume wangu. Sikusoma shule. Nilijifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na nilipoulizwa nataka kuanza na neno gani nilitaja jina la mume wangu, yeye akiwa hai, ili nikamwonyeshe. Alilitazama muda mrefu ile siku. Sasa nililiandika kwa mkaa kwa haraka, herufi moja ikageukia nyuma, nikaiacha hivyo hivyo. Nikapanda kilima. Siku ile sikupumzika hata mara moja.

Juu nilimkuta kijana mmoja amevaa kaki, ana kamera imesimama kwenye miguu mitatu. Gari lake liko chini barabarani. Alikuwa hafanyi kitu, anaangalia kanisa na mawingu yaliyo nyuma yake, anasubiri. Akaniambia shikamoo bibi, nikajibu kwa pembeni ya mdomo nikampita. Nikaenda kusimama katikati ya mlango wa kanisa, boksi kifuani.

Kijana akasema kwa adabu, "Bibi, samahani, naomba usogee kidogo pembeni."

"Sisogei."

"Dakika moja tu, bibi."

"Hata nusu. Piga hapa nilipo."

Wifi akasikia sauti, akatoka ndani na ufagio. Watu nao walikuwa wameanza kufika wanahema, maana yule jirani hakuishia kwangu. Mzee mmoja alikuja na miche mitatu ya miti, akainama akaichomeka kando ya njia mbele ya macho yetu sote, kisha akajifuta mikono kama aliyeipanda mwaka juzi.

Wifi akaniuliza boksi ni la nini. Sikumjibu yeye. Nilimwambia yule kijana, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wa nyuma, aandike kwamba kilima hiki ni cha marehemu mume wangu, na kanisa liliazimishwa tu.

Wifi akaegemeza ufagio ukutani. Hakupandisha sauti. "Wifi, kaka alikitoa."

"Kaka yako alikiazimisha."

"Alisema hakirudi. Tulikuwepo."

Nikamwambia, "Wewe ulikuwepo kunawisha watu mikono. Mambo ya mpaka uliyasikia wapi?"

Hayo ndiyo maneno yangu. Sijayapunguza. Yeye aliolewa, mumewe akafa, akarudi kwao na watoto wanne, na mimi ndiye niliyempokea mizigo mlangoni. Miaka yote hiyo tumekula chungu kimoja, na sijawahi kumwambia kwamba kwao si kwake. Siku ile nilimwambia, mbele ya watu, na sikutumia hata maneno mengi. Alinitazama kidogo. Akachukua ufagio akarudi ndani, nikausikia unafagia sakafu ya saruji, taratibu, bila kuruka mahali.

Kijana akapiga. Akapiga mara tatu. Halafu akaniuliza, "Bibi, umesema niandike. Niandike wapi?"

Nikamwambia aandike kwenye kitabu cha wapimaji.

Alishangaa kweli. Akasema yeye si mpimaji wa kitu chochote. Ni dereva wa kambi moja ya watalii upande wa Natta, amewapeleka wageni Sirari wavuke kwenda Kenya, na wakati anarudi akaliona kanisa kutoka barabarani. Kambi yao hutoa kalenda kila mwaka. "Nimeona ni pazuri," akasema, "ndiyo nikapanda."

"Pazuri?"

"Ndiyo bibi. Hamjui kwamba hapa ni pazuri?"

Nikageuka nikatazama. Niliona milima ya upande wa Kenya imekaa rangi ya samawati, na bonde letu, na zile nyumba zisizo na milango zinang'aa bati. Nilikuwa nimepanda pale zaidi ya miaka arobaini na sikuwahi kugeuka nikatazama. Ukifika juu unatafuta pa kukaa.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yule mzee aling'oa miche yake akaenda nayo. Na jirani yangu aliyenileta akauliza, "Sasa bibi, wewe utakuwa mwezi wa ngapi?" Ikawa ndiyo salamu yangu kijijini. Nilipita sokoni nasikia, shikamoo Desemba.

Aibu ya kuchekwa naijua, inapita kama mafua. Nilirudi nyumbani nikamaliza kufua. Mkaa ulikuwa umenipaka kifuani na haukutoka vizuri, ile nguo ninayo mpaka leo. Nilijiambia hakuna kilichoharibika kwa kuwa hakuna kilichoandikwa. Ningeenda kwa wifi jioni ile nikasema neno moja tu, yangeishia hapo. Sikwenda. Nilisema nitakwenda kesho, na kesho yake nikasema yeye naye alinijibu mbele ya watu. Ndivyo nilivyokuwa. Tukawa tunapishana kisimani tunasalimiana kama watu wa kanisa, salamu yote, na hakuna kitu ndani.

Baada ya mvua za kwanza kijana wa watu alitimiza adabu yake. Alituma picha kupitia mtu wa pikipiki, kubwa, kwenye bahasha ngumu, imeandikwa kwa bibi wa kanisa la mlimani. Ilikuwa picha nzuri. Siwezi kusema vingine. Kanisa limesimama juu ya mawe, mawingu nyuma, na mlangoni mwanamke mzee ameshika kipande cha boksi chenye jina. Uso wake ulinitisha. Nilijua mimi ni mkali, watoto wangu walikuwa wananiambia, lakini nilidhani ukali wangu una sura ya mtu anayetafuta haki. Ule uso ulikuwa wa mtu amekamata mbuzi wa mwenzake.

Niliificha chini ya godoro. Mwanangu aliiona alipokuja kunibadilishia kamba za kitanda. Alikaa nayo mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza, akaniambia taratibu, "Mama, hii ndiyo hati yetu."

Nikamwambia ile si hati. Akasema ina mwenye mali, ina mali, ina jina la baba, na mashahidi ni kijiji kizima, walisikia. Akaniuliza, "Ulisema, hukusema?"

Nilisema.

"Basi niachie hapo, mama."

Na mimi nikamwachia. Alikuwa na furaha, na sikuwa nimeona furaha usoni kwake tangu aache kunyonya, naona aibu hata kuandika hivyo. Wiki ile ile yeye na wenzake wawili walipandisha miti kilimani, wakasimamisha nguzo za tegesha nyuma ya kanisa, karibu kabisa na lile jiwe bapa. Mkonge mmoja wa pembeni ukawa njiani kwao. Wakaung'oa.

Wifi ndiye aliyeukuta umelala chini, mizizi juu. Hakuja kwangu. Alikwenda kwa mchungaji, na mchungaji akaenda kwa wazee, na wazee wakaita ritongo, lile baraza letu ambalo kila mtu anakaa na kila mtu anasikia.

Nilikwenda bila kujua nitasema nini. Huo ni ukweli. Wengine wakisimulia habari yangu husema nilikwenda kutubu. Nilikwenda kwa sababu niliitwa.

Wakamsimamisha wifi kwanza. Alisema alichokisikia siku ya beberu, na pembe zilipandwa mkonge na nani, na nani alishika jembe. Wazee wetu hawapendi kusikia mwanamke akitaja mpaka wa ardhi, na kulikuwa na minong'ono, lakini walimwacha amalize. Mwanangu akasimama. Hakumtukana shangazi yake. Alisema shangazi ni mzee, siku ile alikuwa na kazi ya beseni, na mambo ya mpaka aliyasikia wapi.

Maneno yangu yale yale. Aliyachukua kama nilivyoyaweka, hayana hata kovu. Kisha akainua picha juu, akaizungusha watu waone, akauliza, "Huyu ni nani? Na jina hili ni la nani?"

Wifi alikuwa ameketi mbele yangu. Niliona shingo yake kwa nyuma, na mahali pale ambapo nywele zimekatika kwa sababu ya kuweka kata ya kubebea ndoo kichwani miaka yote. Ndoo za kanisa lile zimo humo. Hakugeuka kunitazama. Angegeuka, huenda ningekasirika, na ningenyamaza.

Nikasimama. Nikasema, "Wa kwenye picha ni mimi. Jina ni la mume wangu. Kilima alikitoa, na alisema hakirudi kwake wala kwa watoto wake. Nilikuwa napika, nilisikia. Siku ya picha nilisema uongo."

Mzee mmoja, wa rika lililofuata la mume wangu, akauliza kama anayetaka kuelewa, "Kwa hiyo picha inadanganya?"

"Picha haina kosa. Aliyedanganya ni mimi, wakati inanipiga."

Mwanangu aliniambia neno moja tu. Aliniambia, "Mama." Halafu akaviringisha picha, akaiweka chini mbele ya wazee kwa mikono miwili, akatoka.

Mzee yule akamwita, "Mura, rudi ukae," kwa upole, kama unavyomwita kijana wako, lakini hakurudi.

Wazee waliamua nguzo zing'olewe na mkonge urudishwe. Mimi niliyemsingizia marehemu nitoe beberu, aliwe kwenye jiwe lile lile, nimpike mwenyewe, na wakati wa kula nipite na beseni kunawisha watu mikono. Hilo la beseni lilitoka kwa nani sijui. Nilinawisha watu wote. Nilipofika kwa wifi alinyoosha mikono, nikamwagia maji, akaisugua vizuri kidole kwa kidole bila haraka. Nilikuwa nimeinama mbele yake na mgongo unaniuma, na alijua. Akasema, "Maji yako ya baridi."

Nikamwambia kuni zilikuwa mbichi.

"Hata za beberu wa kwanza zilikuwa mbichi," akasema.

Ndiyo tuliyozungumza, na hatujawahi kuzungumza mengine juu ya jambo hili.

Mwanangu hakuja kula. Nguzo zake alizing'oa mwenyewe peke yake, akazibeba mbili mbili mpaka kwake, na mwezi huo akaondoka kwenda kuchimba mbali. Akirudi ananisalimia kwenye uzio. Ananiletea sukari na chumvi, anazitundika kwenye kijiti cha uzio, anauliza hali ya mgongo wangu. Haingii. Nilimpotosha njia, kisha nikamwacha peke yake njiani. Ningesema kweli mara ya kwanza, asingebeba hata mti mmoja kupanda kile kilima. Wapimaji nao hawajafika kilimani kwetu mpaka leo ninapoandika. Nyumba za tegesha zimeoza, mbuzi wanalala humo.

Picha ilibaki kwa mchungaji. Wakaitia kioo wakaitundika ndani ya kanisa, ukuta wa kushoto, kwa sababu hatuna picha nyingine ya kanisa letu na watu waliona kweli ni nzuri. Nilikwenda kumwomba wifi, kwa kuwa yeye ndiye anayetunza ufunguo, achukue wembe anikate mle ndani, kanisa libaki peke yake. Akaivua ukutani, akaipeleka dirishani, akapima kwa kidole. Akasema, "Umesimama katikati ya mlango. Ukikatwa wewe, na mlango unakatwa." Akairudisha.

Kwa hiyo nipo. Kila Alhamisi anapofagia anafuta kile kioo kwa kitambaa. Wageni wakija, wa kwaya za kutoka Susuni au ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, husimama pale kwanza. Wanasifu mawingu. Wanasema hamjui tu, mahali penu ni pazuri. Kisha mmoja anasogea karibu anakodoa macho, anauliza bibi ameshika nini, na mbona herufi moja imegeuka.

Wifi anaweza kujibu. Anajua yote. Lakini akiulizwa anaacha kufagia, anaegemea ufagio, ananitazama, ananingoja.

Nami nawaambia.